Kijiji cha Bibi Elda Kisicho na Kanisa

Katika kijiji cha Bibi Elda Rauch hapakuwa na kanisa. Nyumba zilikuwepo, tena nyingi: za paa jekundu, za paa la bluu lililopauka, ghala, stesheni ya treni, shule yenye kengele isiyolia. Vimiti vya dodoki lililotiwa rangi ya kijani vilisimama mbele ya kila mlango. Barabara ya mchanga ilipita katikati, ikapanda kilima cha kuvumwani, ule mmea laini kama zulia unaoota juu ya mawe msituni, na pale juu, mahali ambapo mtu yeyote angetazamia kuona mnara, palikuwa na nafasi tupu ya ukubwa wa kiganja.

Nyumba zenyewe ni za kadibodi, ndogo, moja inakaa mkononi kama kikombe. Chenga za kumetameta zimemwagwa juu ya paa zikawa theluji, madirisha ni ya nailoni nyekundu, na nyuma ya kila nyumba kuna tundu la kupitishia taa. Zilikuja kutoka Japani kabla ya vita kubwa, zikauzwa kwenye maduka ya bei rahisi, na mama wa kila familia alinunua moja moja, Krismasi kwa Krismasi, hata akapata kijiji. Wamoraviani, waumini wa kanisa la Moravian kule Pennsylvania, Marekani, huzipanga chini ya mti wa Krismasi, kisha hutembeleana kuzitazama. Ukiona nyota ya karatasi inawaka barazani kwa mtu, unaingia, unakitazama kijiji chake, unapewa biskuti za tangawizi nyembamba kama jani, unasifu, unakwenda kwa mwingine. Nyota isipowaka, huingii hata getini. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na sikuwahi kuona mtu akiivunja.

Mimi niliingia kwake kwa mlango wa nyuma, maana nilikuwa mnoaji. Nilizunguka vilima vile na jiwe langu ndani ya pikapu kuukuu, leo kwa mwenye visu, kesho kwa mwenye misumeno. Bibi Elda alikuwa ameshona mashati kiwandani tangu usichana wake, hakuolewa, na mikasi yake hakuruhusu mtu aiguse ila mimi. Hata mimi alinisimamia.

"Umeibana sana hiyo," alizoea kusema.

"Sijaianza bado, Bibi."

"Ndiyo nakuambia kabla hujaianza."

Nyumba zake alizikusanya kidogo kidogo. Mtu akifa, watoto wakitoa vitu vya darini, Bibi Elda alikuwapo, amevaa koti lake la kijivu, anauliza kama kuna boksi la Krismasi. Alikwenda kwenye magulio ya Jumapili alasiri, baada ya ibada, akainama chini ya meza za watu kutafuta. Nyingine zilikuwa zimebonyea, nyingine zimeliwa na panya kona moja. Alizitengeneza kwa gundi ya unga wa ngano na vipande vya maboksi ya mashati. Na kila moja aliijua ilikotoka. Ile ya paa la kijani ilikuwa ya akina Schlegel, waliokuwa na duka la nyama. Ile yenye uzio uliovunjika ilikuwa ya mwalimu wa piano aliyekufa peke yake, akagunduliwa na paka. Alizipanga kama watu hao walivyokaa mtaani walipokuwa hai, mwenye duka karibu na mwenye benki, mwalimu wa piano pembeni kidogo, maana hakupenda kelele. Ukikaa naye akikionyesha kijiji, ungedhani anakutambulisha kwa majirani. Ila majirani wenyewe walikuwa makaburini.

Makanisa alikutana nayo mara nyingi. Wauzaji walimtolea wakijua anakusanya. Aliyatazama, akayarudisha mezani.

"Kijiji changu kina kanisa," aliwaambia. "Haliko hapa tu."

Lilikuwa kwa mdogo wake, Lovina, ng'ambo ya kilima, safari ya gari isiyozidi muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa.

Ilikuwa hivi. Mama yao alipokufa, watoto waliizunguka nyumba kwa zamu, kila mmoja akichagua kitu kimoja, mdogo akianza. Ndivyo wanavyogawana urithi kule, na ni njia njema kwa watu wasiopenda maneno. Kaka zao waliobaki walikuwa wanaitolea macho saa ya ukutani. Lovina, kitinda mimba, alikwenda moja kwa moja chini ya ngazi, akafungua boksi, akachukua kanisa. Elda, aliyekuwa mkubwa wa wote, alingoja hadi zamu yake, ya mwisho katika mzunguko ule, akachukua nyumba ya mchungaji, ile ndogo ya paa la bluu iliyosimama sikuzote ubavuni mwa kanisa. Mzunguko wa pili akachukua nyingine, wa tatu nyingine. Zamu zake zote alizimalizia kwenye kadibodi. Saa, meza na kitanda vikaenda kwa wengine, na wake wa kaka zake wakamcheka waziwazi.

Hawakugombana, Elda na Lovina. Wangegombana ingekuwa afadhali, maana ugomvi huwa na mwisho. Krismasi ya kwanza baada ya mazishi, Elda aliwasha nyota akangoja mdogo mtu aje na kanisa, walau kulisimamisha mahali pake kwa siku moja. Lovina naye, aliyekuwa ameolewa na mkulima kule ng'ambo, aliwasha nyota yake akangoja Elda aje na nyumba. Hakuna aliyekuja. Krismasi ya pili kila mmoja alikuwa na sababu ya kumngoja mwenzake zaidi ya mwaka uliopita. Wakasalimiana kwenye misiba. Mume wa Lovina akafa, Elda akaenda kuzika, akala keki ya sukari pamoja na watu kanisani, akarudi. Miaka ikapita hivyo, hadi wote wawili wakawa vikongwe.

Niliyajua haya kwa vipande, jikoni, jiwe likizunguka. Siku nyingine alifanya mzaha juu yake. Makaburini kwao Wamoraviani hawazikwi kifamilia. Wanawake hulazwa upande wao, kwa kufuatana wanavyokufa, kila mmoja kando ya yule aliyemtangulia, jiwe bapa juu yake, wote sawa.

"Tukifa mfululizo, mimi na Lovina, tutalala jirani," alisema. "Hapo itabidi tuzungumze."

"Nani atangulie?"

"Yeye, bila shaka. Mimi nitamfuata niseme, haya, nimekuja mimi. Umeshinda."

Vuli moja nilimkuta amekaa mezani na koti mwilini, kana kwamba anatoka, lakini viatu alikuwa hajavaa.

"Lovina wamempeleka nyumba ya wazee," alisema. "Miguu imekataa. Vitu vyake vinanadiwa Jumamosi."

"Amekuambia nani?"

"Muuza mkate. Mdogo wangu anahamishwa, naambiwa na muuza mkate."

"Nenda ukamwone, Bibi. Nitakupeleka."

"Mimi ndiye mkubwa. Mdogo huja kwa mkubwa."

"Miguu yake si imekataa?"

"Miaka yote hiyo ilikuwa haijakataa." Akaisogeza mikasi mbele yangu. "Kwenye mnada utanipeleka. Huko si kumtembelea mtu. Huko ni kununua."

Mnada ulifanywa uani kwa Lovina. Vitu vilikuwa vimepangwa juu ya magari ya kubebea nyasi: sufuria, mablanketi, mitungi ya jamu ya matofaa, fremu zisizo na picha. Wanawake wa kanisa waliuza supu ya kuku na mahindi chini ya turubai. Watu wa mji wetu walimsalimu Bibi Elda kwa vichwa, wakampisha njia. Alipita magari yote mpaka la mwisho, na hapo, ndani ya boksi la viatu, lilikuwemo kanisa. Alilipindua kabla hajalitazama mbele. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo ya kisu.

Nyumba zao zote zilikuwa na mikwaruzo ile. Kaka yao Harvey alikwenda vitani kupigana na Wajapani, hakurudi. Mama alichukua kisu cha kumenyea viazi, akakwangua jina la nchi ile lililopigwa chapa chini ya kila nyumba. Hakuzitupa. Alizikwangua tu, akazipanga tena chini ya mti.

Bibi Elda alipitisha kidole gumba kwenye mikwaruzo, akalirudisha kanisa ndani ya boksi taratibu, akaenda kusimama mbele kabisa, karibu na dalali.

Sasa, minada ya kule ina adabu yake. Ndugu wa mwenye vitu akinyoosha mkono, wengine hushusha yao, ili kitu kirudi kwa familia. Dalali alipolinyanyua kanisa, mikono kadhaa ilipanda, maana wakusanyaji walikuwapo. Bibi Elda akanyoosha wake. Wale waliomjua wakashusha mmoja mmoja, na nikamwona anavuta pumzi. Lakini nyuma kabisa, mlangoni pa ghala, kulikuwa na mtu mmoja mwenye kofia ya manyoya. Uani palijaa, Bibi Elda hakumwona yeye, wala yeye hakumwona Bibi Elda. Kila bei ilipotajwa, aliinua kofia ile juu badala ya mkono.

Elda akaongeza. Kofia ikapanda. Elda akaongeza tena. Watu wakaanza kugeuka nyuma, wakanong'ona. Dalali mwenyewe alisitasita, akasema, "Jamani, mnamjua anayenunua huku mbele?" Yule wa nyuma hakusikia, au alisikia akadhani ni maneno ya dalali. Kofia ikapanda.

Bibi Elda alishusha mkono. Pesa alikuwa nazo bado, nilijua, maana alinionyesha mkoba njiani. Alishusha tu, akageuka, akatoka akipita katikati ya watu bila kumtazama aliyenunua.

Pikapu ilikuwa inapanda kilima.

"Hawakunihesabu kuwa ndugu yake," alisema.

"Wengi walishusha mikono, Bibi. Ni mmoja tu."

"Mmoja anatosha. Wa kwetu wote walishusha, kwa hiyo huyo ni wa upande wa kwake. Huyo ndiye anayejua Lovina ana ndugu au hana."

Nilimfikisha, akanishukuru, akanipa tofaa.

Krismasi ilipokaribia, kijiji alikipanga kama kawaida. Nilipita nikamkuta amepiga magoti sakafuni, anatandaza kuvumwani aliyoichuma msituni kabla baridi haijakaza. Lakini barazani ndoano ya nyota ilikuwa tupu.

"Nyota iko wapi?"

"Darini. Imechoka."

"Watu watajuaje kama mlango uko wazi?"

"Hauko wazi."

"Basi unampangia nani kijiji?"

"Kuvumwani nimeshaichuma, Mnoaji. Siwezi kuirudisha msituni."

Kwa hiyo siku zile zote za sikukuu, majirani walipokuwa wakivuka barabara na watoto wao, baraza moja hadi baraza la pili, walipofika kwake walipita. Waliona dirisha limewaka nyuma ya pazia, wakaona hakuna nyota, wakasema yule bibi anaumwa, au ana maombolezo, tusimsumbue. Ndivyo adabu inavyotaka. Ndani, alizimulika nyumba zake jioni, akakaa kwenye kiti cha mbao, akazitazama. Biskuti alizooka zilijaa mikebe. Alinipa mikebe mingine nigawe huko ninakozunguka, nisitaje ya nani.

Baada ya mwaka mpya nilikwenda ng'ambo ya kilima kunoa misumeno ya mzee mmoja aitwaye Wilmer Kocher, mjane mwenye bata mzinga. Sikuwa nimewahi kufika kwake. Nilipoingia bandani niliiona ile kofia ya manyoya imetundikwa kwenye msumari.

"Wewe ndiye uliyenunua kanisa la kadibodi," nilimwambia.

"Usiniulize habari za kanisa hilo," alisema. "Limenitesa hilo kuliko mke wangu, Mungu amrehemu."

Akanieleza. Lovina alikuwa jirani yake. Siku aliyohamishwa, mpwa wa marehemu mumewe alibeba kila kitu akampa dalali, na boksi lile nalo likaenda. Lovina akamwita Wilmer, akampa pesa.

"Akaniambia, Wilmer, kalinunue kanisa langu, umpelekee dada yangu Elda. Usishushe mkono hata wakikucheka. Nikamwuliza, kwani dada yako mwenyewe hatakuja kununua? Akacheka yule. Akasema, Elda hawezi kukanyaga kwangu hata kama ninayenadiwa ni mimi."

"Uliyeshindana naye alikuwa Elda."

Wilmer akakaa juu ya gogo.

"Yule wa mbele?"

"Yeye."

"Mimi nilisikia bei tu. Nikasema, huyu wa mbele ana kichwa kigumu kama Lovina."

"Na mbona hukumpelekea?"

"Nilingoja Krismasi, nikaenda. Nyota haiwaki. Nikarudi. Nikaenda tena siku nyingine, na boksi mapajani, nyota haiwaki. Ningefanyaje? Niingie kwa mtu aliyefunga? Nikamrudishia Lovina. Akaliweka dirishani kwake kule nyumba ya wazee. Akasema, basi, halitaki."

Niliiacha misumeno mingine bila kuinoa. Bibi Elda nilimkuta anafuta vumbi. Nilimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, nimesimama na kofia mkononi. Aliendelea kufuta mahali palepale. Kisha akaenda chumba cha mbele, akapiga magoti, akaichomoa taa kwenye nyumba ya mchungaji, akaiweka nyumba kwenye sahani ya keki pamoja na kipande cha kuvumwani chini yake, akaifunika kwa kitambaa cha mezani.

"Leta gari," alisema.

Kule nyumba ya wazee, Lovina alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria, amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, shali mabegani. Kanisa lilikuwa dirishani. Bila taa lilionekana limechoka, mnara umeinama kidogo. Bibi Elda alisimama mlangoni na sahani yake.

"Umechelewa," Lovina alisema.

"Ulitakiwa uje wewe. Wewe ndiye mdogo."

"Mwenye kanisa ndiye hutembelewa. Mama alisema."

"Mama alisema mdogo huja kwa mkubwa."

"Hakusema hivyo."

"Ulikuwa hujazaliwa."

Lovina akafikiri. "Inawezekana," alisema. "Hicho nini? Kama ni keki, hapa wananikataza sukari."

Bibi Elda akafunua. Lovina aliitazama nyumba ya mchungaji, kisha akanyoosha mikono yote miwili, na dada mtu akamwekea sahani mapajani. Aliipindua nyumba akagusa mikwaruzo. Halafu wakaisimamisha dirishani, ubavuni mwa kanisa, upande wa kushoto. Lovina akasema ilikuwa upande wa kulia. Wakaihamisha. Wakairudisha.

"Lichukue kanisa uende nalo," Lovina alisema tulipokuwa tunaondoka.

"Likae. Nitakuja kulitazama. Si mwenye kanisa hutembelewa?"

Jioni ile, siku ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Mamajusi inayofunga siku za Krismasi, Bibi Elda alinipandisha darini nikateremshe nyota. Tuliiwasha. Kijijini kwake sasa mapengo yalikuwa mawili juu ya kilima. Nadhani mtu mmoja au wawili walikuja.

Alikwenda kumwona mara chache, barabara ilipokubali. Lovina alikufa kabla ya Pasaka, usingizini, theluji ikingali kwenye vivuli. Nilimpeleka Bibi Elda mazishini, tarumbeta za kanisa zikapigwa, akasimama wima. Kisha haikupita wiki, akafa mwanamke mwingine wa usharika, mke wa mwokaji, akalazwa kando ya Lovina. Nafasi ile ikawa imechukuliwa.

"Basi," Bibi Elda aliniambia jikoni. "Sitalala jirani yake. Itabidi niendelee kumtembelea kwa miguu."

Wilmer ndiye aliyeleta boksi lenye kanisa na nyumba ya mchungaji, siku ya kawaida tu, kiangazi, akagonga mlango wa nyuma.

Krismasi iliyofuata nilifika mapema. Nyota iliwaka barazani. Kanisa lilikuwa juu ya kilima, taa ndani, madirisha yake mekundu, mnara ameunyoosha kwa kijiti, na nyumba ya mchungaji upande wa kulia, kama Lovina alivyotaka. Nilikaa pembeni jioni nzima. Watu waliingia na watoto wao, wakapangusa viatu, wakainama. Wakasifu ghala, wakasifu stesheni ya treni. Mmoja akauliza habari za mwalimu wa piano. Wakala biskuti, wakasema, Bibi Elda, mwaka huu umekipendezesha kijiji kama miaka yote, wakatoka kwenda nyumba nyingine.

Mlango ulipofungwa nyuma ya wa mwisho, aliokota makombo kwenye zulia, kombo baada ya kombo, akayatia kiganjani.

"Umemsikia hata mmoja?" aliniuliza.

"Akisema nini?"

"Kwamba sasa kuna kanisa."

Nilisema hapana, sikumsikia.

"Miaka yote hiyo hawakujua kuwa halikuwepo," alisema. Alikwenda akamwaga makombo nje kwa ajili ya ndege, akarudi, akakaa kwenye kiti chake cha mbao, uso kuelekea kilimani. Nikachukua kofia yangu. Nilipopita barazani nyota ilikuwa bado inawaka, na aliiacha hivyo.